Malazi ya Kijijini Java: Nyumba ni Nzuri, Viwanja Viachwe

Ofisi moja ya safari katikati ya jiji la Nairobi inauza safari ya kukaa katika kijiji cha wakulima wa mpunga kisiwani Java, nchini Indonesia, na katika malipo hayo hayo imeingiza siku moja ya kuzungushwa kwenye viwanja vinavyouzwa. Hizo ni huduma mbili zilizofungwa kwa bei moja. Ya kwanza ningeilipia tena bila kusitasita, na ya pili simshauri Mkenya yeyote aiguse, hata akionyeshwa brosha yenye picha nzuri namna gani.

Usafiri ulipangwa vizuri. Tulipitia Doha hadi Jakarta, kisha tukachukua ndege ya ndani hadi uwanja mpya wa Yogyakarta, ambao kwa kweli uko nje ya jiji hilo, katika wilaya ya Kulon Progo, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi ile ile inayopiga fukwe za Mombasa. Saa za huko zimetangulia zetu kwa saa 4. Gari lilikuwa limefika kabla yetu, na kwa kuwa magari huko hupita upande wa kushoto kama kwetu, anayetaka kukodi pikipiki hatapata taabu kubwa, ila tu asishangae kuona petroli ikiuzwa kwenye chupa kando ya barabara.

Nyumba ya wageni ni ya familia, imejengwa kwa mtindo wa joglo, yaani paa la vigae linaloinuka juu katikati, likibebwa na nguzo nne za msaji. Vyumba ni safi na vina vyandarua na feni. Kuhusu bafu, brosha ilisema ni la kisasa, jambo ambalo si kweli: kuna tangi la saruji lililojaa maji na kopo lenye mpini, na mgeni huchota na kujimwagia akiwa amesimama kando. Kuingia ndani ya tangi ni kuwachafulia wengine maji. Mimi sikuona ubaya wowote katika mpango huo, lakini mtu aliyeahidiwa manyunyu ya maji moto ana haki ya kulalamika.

Kinachofaa kulipiwa hasa ni maisha yanayoizunguka nyumba. Majaruba yanaanzia ukutani kabisa. Anayeijua Mwea ataitambua mifereji, miche iliyobanwa kwenye vitalu na matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono, lakini hataona uwanda uliopimwa kwa kamba kama ule wa Kirinyaga. Vishamba vya huko ni vidogo mno, vinafuata mteremko, na maji hushuka kutoka jaruba la mtu mmoja hadi la jirani yake kupitia pengo linalofunguliwa na kuzibwa kwa tope. Java ina watu zaidi ya milioni 150 kwenye eneo lisilofika robo ya Kenya, na wakulima wengi wana chini ya nusu hekta, yaani ekari moja na kidogo. Asiye na shamba hulima la mwenzake na kugawana naye mavuno, mara nyingi nusu kwa nusu. Maofisa wa kijiji nao, kwa desturi ya zamani, hupewa mashamba ya kijiji wayatumie kama ujira wakati wote wa utumishi wao.

Mwenyeji wetu alitupeleka kupandikiza miche asubuhi moja. Wanawake walipanga mstari mmoja wakirudi nyuma, kila mmoja akichomeka miche michache kwa vidole vitatu bila kuinua kichwa, na mistari yao ilinyooka. Yetu ilipinda mpaka ikabidi mama mmoja aifuate akiing'oa na kuipanda upya, huku akicheka waziwazi. Shughuli hiyo haikuwa maonyesho ya watalii, maana shamba lilikuwa la jirani na kazi ingefanyika hata tusingekuwepo.

Jioni, mama mwenye nyumba alinialika kwenye mkutano wa wanawake wa mtaa. Kila mmoja alileta mchango wake, jina likatiwa alama daftarini, kisha vikaratasi vilivyoviringishwa vikatikiswa ndani ya bilauri na kimoja kikadondoka. Aliyetajwa aliondoka na fedha zote za siku hiyo. Wao huiita arisan. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu tofauti niliyoiona na chama cha kwetu ni kwamba zamu huamuliwa kwa kura. Siku hiyo hiyo tulikuwa tumepelekwa kwa mwenyekiti wa kundi la kaya kujiandikisha, kama Nyumba Kumi inavyotakiwa kufanya na mara nyingi haifanyi. Utaratibu huo wa makundi ya kaya waliuanzisha Wajapani walipokuwa wameikalia Java kati ya 1942 na 1945.

Chakula ni kingi, na wali haukosekani. Tempe, yaani soya iliyochachushwa ikashikamana, hukaangwa ikawa tamu kuliko maelezo yake. Gudeg, ambayo ni fenesi bichi lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi, ilinishinda kwa utamu. Chai ni ya rangi, yenye harufu ya yasmini, na anayetaka chai ya maziwa abebe maziwa ya unga.

Sasa viwanja. Wakala wa ofisi hiyo, Mkenya mwenzetu anayeishi huko, alitufikisha kwenye kipande kilichotazamana na vilima, chenye vigingi vinne vilivyopakwa rangi nyekundu. Nilipouliza mgeni anamilikije ardhi, alinijibu: "Mzee wangu, jina la mwenyeji ni la karatasini tu, shamba ni lako." Jibu hilo pekee lingetosha kunirudisha garini. Sheria ya Ardhi ya Indonesia, Namba 5 ya 1960, inawapa raia pekee haki kamili ya kumiliki ardhi. Mgeni anayeishi nchini humo anaweza kupata haki ya matumizi kwa muda, na hata akirithi ardhi ya umiliki kamili anatakiwa kuiachia ndani ya mwaka mmoja. Kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo kinasema mauzo ya kumpa mgeni umiliki huo, yawe ya wazi au ya kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia serikali, na fedha zilizolipwa hazidaiwi tena. Kwa ufupi, "mwenye karatasi" akikugeuka huna mahakama ya kumpeleka.

Wala kipande chenyewe hakikuwa kiwanja. Kilikuwa jaruba lililokaushwa. Tangu 2009 Indonesia ina sheria ya kulinda ardhi ya kilimo cha chakula, na kanuni za 1961 zinamkataza mwenye shamba kuishi mbali na eneo la shamba lake, hivyo wale wakulima wa simu wanaolima Nyandarua wakiwa Nairobi wasingepata nafasi hata kama wangekuwa raia. Sisi wenyewe, kwa Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010, hatumpi mgeni zaidi ya miaka 99 ya kukodi. Ofisi inayojua kwamba mnunuzi wa shamba hapa huanza na bodi ya ardhi haiwezi kudai haikujua kwamba huko nako kuna masharti.

Niliandika malalamiko, nikajibiwa kwamba siku ya viwanja ni ya hiari. Hata hivyo haipunguzwi kwenye bei, na bei iliyobandikwa ukutani mwa nyumba ile ni karibu nusu ya tuliyotozwa Nairobi kwa usiku mmoja. Anayetaka kwenda aiachie ofisi tikiti na gari la uwanjani, kisha malazi awalipe wenyeji moja kwa moja. Achague miezi ya baada ya Aprili mvua ikipungua, abebe adapta ya pini mbili za mviringo, na aulize mapema siku ya soko, kwa kuwa masoko mengi ya vijijini huko hufuata mzunguko wa siku 5.