Daftari la samaki limepata jedwali
Mimi ni karani wa wavuvi Mayungu, Malindi. Nilipeleka rekodi za mwaka mzima kwenye duka la kuchapisha mjini. Kijana wa pale, kabla hajagusa kompyuta, akaniuliza: "Mzee, atakayesoma ni nani?" Manahodha, nikamwambia. Basi miezi 12 akaishusha pembeni, samaki akawapanga juu: changu, tasi, nguru, pweza. Kilo zote zikaegemea kulia, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Ukiteremsha jicho tu unaona nguru wanavyoongezeka kaskazi ikiingia. Mistari ya wima aliifuta yote, na ni vizuri mno. Vichwa vya safu vinarudiwa kila karatasi. Herufi zilikuwa ndogo kwa macho ya wazee, nikarudi, akazikuza bila kunidai.