Picha za Tingatinga kwa chumba cha mtoto

Kwa mzazi anayetaka kupamba ukuta wa chumba cha mwanawe, ninapendekeza kwa dhati picha zinazouzwa katika kituo cha ushirika wa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, Oysterbay, Dar es Salaam. Mtindo huu, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya hadibodi (ubao mwembamba wa kushindiliwa), unawafaa watoto kwa kuwa wanyama wake wana macho makubwa na mistari iliyo wazi, ambayo hata mtoto mdogo huitambua akiwa amelala kitandani. Twiga tuliyemchagua amechorwa doa moja moja, na ukisogea karibu unaona jinsi rangi ilivyoinuka kidogo pembezoni mwa kila doa, uzuri ambao picha ya kuchapwa haiwezi kukupa.

Fremu, iliyotengenezwa na fundi mwingine mtaani, ilinisikitisha: kioo ni chembamba mno na kimeshikiliwa kwa misumari midogo tu, jambo la hatari juu ya kitanda. Ni afadhali kuagiza fremu isiyo na kioo, kwani vumbi juu ya rangi hiyo hufutika kwa kitambaa kikavu, kisha kuifunga ukutani kwa skrubu mbili, karibu na usawa wa macho ya mtoto.