TAHADHARI: "Zawadi yako imekwama uwanja wa ndege, lipa ushuru"

Ndugu zangu, kama umefahamiana na mtu mtandaoni, hamjawahi kuonana ana kwa ana, na sasa anasema amekutumia zawadi kutoka Ulaya au Marekani, usitume hata shilingi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Anajitambulisha kuwa mhandisi wa mafuta baharini, daktari wa Umoja wa Mataifa au mwanajeshi wa Marekani aliyeko Syria. Kazi hizo zimechaguliwa makusudi: zinaeleza kwa nini yuko mbali, kwa nini mtandao wake ni mbovu na kwa nini hapigi video. Haraka sana atakuhamishia WhatsApp, ili akaunti yake ya Facebook ikiripotiwa na kufungwa asikupoteze. Kisha wiki kadhaa za maneno matamu, asubuhi na usiku, bila kuomba kitu. Hapo ndipo wengi hulegea: angekuwa tapeli si angeshaomba hela?

Haombi yeye. Anachukua jina lako kamili, anwani na namba ya simu, anakutumia picha ya boksi na kiungo cha kufuatilia mzigo. Siku chache baadaye unapigiwa na namba ya hapahapa, Kiswahili kimenyooka: "Naitwa fulani, forodha, uwanja wa Julius Nyerere. Una mzigo, lipia 780,000." Ukilipa, unaambiwa skana imeona dola ndani ya boksi, kinatakiwa cheti cha kuonyesha si fedha haramu, milioni mbili na ushee. Ukisita, unatishiwa polisi. Kila malipo yanaonekana madogo mbele ya dola unazoahidiwa, na ukishatoa la kwanza unaona uchungu kuliacha lipotee. Ndiyo maana watu wanauza hadi viwanja.

Shikeni hili: kodi ya serikali Tanzania hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu, wala kwenye Lipa Namba ya duka. Hulipwa kwa control namba, yenye tarakimu 12, mara nyingi zikianza na 99, kupitia menyu ya malipo ya serikali kwenye simu au benki. Hata ukipewa control namba, soma jina la taasisi na la mlipaji kabla ya kuweka namba ya siri, maana inaweza kuwa halali lakini ya deni la mtu mwingine. Kampuni ya vifurushi inaweza kukulipia kodi kisha ikakudai, ila itakudai kwa ankara yenye jina lake, na ina ofisi unayoweza kufika kwa miguu yako. Nenda. Usipige namba iliyoandikwa kwenye hicho kiungo, atapokea yuleyule.

Ukitumiwa hati ya shehena ya ndege (air waybill), kuna hesabu ndogo ya kuikagua. Namba yake ina tarakimu 11: tatu za mwanzo ni za shirika la ndege (Ethiopian ni 071, Emirates ni 176), kisha nane. Chukua saba za mwanzo kati ya hizo nane, gawanya kwa 7; baki lazima liwe sawa na tarakimu ya nane. Mfano 1234567 ÷ 7 hubaki 5, hivyo namba sahihi ni 12345675. Isipolingana, hati ni feki. Ikilingana haithibitishi kitu, kwani namba halisi inaweza kuibwa.

Picha zake zitafute kwa Google Lens. Mara nyingi utakuta ni za mtu mwingine kabisa. Huyo mwanajeshi akidai pesa ya kuombea likizo, ni uongo: jeshi la Marekani halitozi likizo.

Jambo linalosahaulika: wapo wanaoombwa wapokee pesa kwenye laini yao "kwa niaba ya mpenzi" na kuzituma mbele. Hizo ni pesa za mwathirika mwingine, na laini iliyosajiliwa kwa jina lako ndiyo polisi wataanza nayo. Kama ulishatuma picha ya kitambulisho cha NIDA, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika ifutwe.

Umeshatuma pesa? Piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo. Zikiwa bado hazijatolewa kwa wakala, kuna uwezekano wa kuzuiwa. Usifute mazungumzo hata kama yanakuaibisha. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na kumbukumbu za miamala, nenda kituo cha polisi uandikishe na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako. Ujumbe mfupi wa tapeli utume 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na akitokea "mtaalamu" wa kukurudishia pesa zako kwa ada ya kuanzia, mzuie papo hapo: orodha za waliotapeliwa huuzwa, na mara nyingi ni genge lilelile limerudi.