Plastiki za nje zilizopauka: miezi saba na dawa ya kurudisha weusi

Gari langu ni jeupe, lakini sehemu ya chini ya bampa, mikanda ya milangoni na kingo za bodi juu ya matairi ni plastiki nyeusi isiyopigwa rangi. Yaani ilikuwa nyeusi. Miaka minane ya kuegeshwa juani iliifanya kijivu, imepauka kama magoti ya mtoto aliyeshinda akicheza vumbini. Bodi inang'aa, plastiki zinalitia gari uzee.

Nilianza na njia ya mkato: mafuta ya silikoni ya kupuliza. Siku mbili gari lilipendeza kweli. Ya tatu ikanyesha, na michirizi ya rangi ya moshi ikashuka kwenye milango myeupe. Vumbi nalo likanata kuliko mwanzo. Sababu niliielewa baadaye. Jua hukatakata ngozi ya juu ya plastiki, inabaki na vinyufa vidogo sana, na mwanga ukigonga hapo hutawanyika, ndiyo maana tunaona weupe. Mafuta yanaziba vile vinyufa kwa muda tu. Ni kama kokoto: likilowa ni jeusi, likikauka ni lilelile.

Halafu nikajaribu mashine ya hewa ya moto. Hapa lazima nikiri, inashangaza: unaona kijivu kinageuka kuwa cheusi mbele ya macho yako. Kwa furaha nikachelewesha mkono kwenye kona ya bampa, vile vipele vidogo vinavyoifanya ngozi ya plastiki ikwaruze vikayeyuka, pakabaki kovu laini linalong'aa. Na weupe wenyewe ulirudi baada ya miezi michache, kwa sababu moto hauongezi kinga yoyote dhidi ya jua.

Dawa ninayoisifu leo ni ile ya kimiminika inayokauka na kushika kwenye plastiki, siyo ya kupaka ikabaki na utelezi. Inakuja kwenye kichupa kidogo pamoja na kipande cha sponji. Kazi ilinichukua saa tatu, na kati ya hizo, mbili na nusu zilikuwa za kuosha. Ukiivamia plastiki chafu utakuwa umefungia uchafu ndani. Nilichanganya sabuni kali ya kusafishia gari, sehemu moja kwa maji kumi, nikasugua kwa brashi, nikasuuza, nikarudia. Maji ya mara ya kwanza yalitoka kama ya kufulia ovaroli la fundi. Madoa mengine meupe hayakuwa ya jua kabisa, yalikuwa waksi ya zamani iliyoganda kwenye vinyweleo vya plastiki. Hayo niliyatoa kwa mswaki mkuukuu. Baada ya kukauka nikafuta kote kwa spiriti ili kuondoa mafuta yaliyobaki, nikabandika tepu ya karatasi kwenye mipaka ya rangi, nikapaka kivulini bodi ikiwa imepoa. Matone machache tu kwenye sponji, kisha unafuta ziada kwa kitambaa kabla haijashika. Gari lilikaa siku nzima bila kuguswa na maji.

Matokeo? Weusi uliokolea, usio na mng'ao wa kujionyesha. Ukigusa, kidole kinatoka kikavu. Leo ni mwezi wa saba, milangoni bado safi kabisa. Juu ya bampa, panapopigwa na jua la utosini, pameanza kufifia kidogo.

Malalamiko ninayo mawili. Tone moja liliruka tepu likaangukia kwenye rangi, nikaligundua kesho yake, na kulitoa ilibidi kupiga polishi. Vaa glovu pia, maana vidole vyangu vilibaki na weusi siku kadhaa. La pili, dawa iliyobaki iligandia kichupani baada ya wiki chache, kwa hiyo hesabu kazi yote umalize kwa mkupuo.

Raba za milango usizipake dawa hii. Mimi nilizifuta kwa sabuni nyepesi, zikakauka, nikapitisha grisi ya silikoni kidogo sana kwa kidole. Mlio wa raba kukwaruza gari likipita kwenye matuta umeisha. Kuna wanaopaka mafuta ya kujipaka mwilini yanayotokana na petroli. Raba nyingi za milango huvimba na kulegea kwa mafuta ya aina hiyo, yaache.

Dawa ya plastiki naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye kile kichupa kilichoganda. Ile kona niliyoiunguza nayo imekolea weusi vilevile, kwa mbali huitambui, ila ukipitisha kidole unaijua.