Kisanduku cha kioo kwa mkono wa kiharusi, nimekitumia miezi minne

Naanza na ujinga wangu mwenyewe. Nilivyoruhusiwa hospitali mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia tu hauna habari, na kila aliyekuja kunijulia hali alisema minya mpira, basi nikanunua ule mpira laini nikaminya asubuhi hadi usiku. Baada ya wiki kadhaa vidole vikaanza kujikunja vyenyewe, mi nikajua ndo napona hivyo. Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo) niliyempata baadaye alivyouona ule mkono akaniambia weka mpira pembeni, kufunga unajua, kazi yako ni kufungua. Kumbe ile ngumi ni misuli kukaza, inawatokea wengi baada ya kile kipindi cha kulegea, na mimi naisherehekea!

Yeye ndo alinishauri hiki kisanduku. Hakina maajabu, kioo kimesimama wima, mkono mgonjwa unauficha nyuma yake, ule mzima unakaa mbele, halafu unaangalia kwenye kioo huku unafungua na kufunga taratibu, na wa nyuma unajitahidi kufuata hata kama hausogei. Macho yanaona kabisa kama ule mkono mgonjwa ndo unafanya kazi. Alianza nacho Ramachandran, mtafiti wa ubongo, miaka ya 1990 kwa watu waliokatwa mikono ila bado wanasikia maumivu kwenye mkono usiokuwepo, kwenye kiharusi kikaja kujaribiwa 1999.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu, nilijiona kama chizi anayejipungia mkono. Ya tatu kidole gumba kikashtuka. Kidogo sana, kama kope inavyocheza. Nikaita watu wote waliokuwa ndani waje waone, wakasimama pale wananitolea macho, gumba likagoma kabisa, wakaondoka likacheza tena.

Kilichokuwa kinanikatisha tamaa ni mguu, maana mwezi wa pili baada ya kiharusi nilishatembea na fimbo wakati mkono umelala. Fizio akasema kwa wengi ndo inavyokuwa, mguu unatangulia, na kwenye mkono bega linaamka kabla ya vidole. Miezi mitatu ya kwanza mwili unakimbia, baada ya hapo unatambaa, ila kutambaa siyo kukwama. Kioo mimi nimekianza mwezi wa nne, hapo roho huwa inaniuma kidogo.

Sasa lawama. Hiki changu kioo chake ni cha plastiki na kimejipinda, mkono unaonekana mnene kama umevimba, na ukishaona hivyo ule udanganyifu wote unakufa. Pia ni kifupi, kiwiko kinatokeza pembeni. Vua pete na saa kabla hujaanza, hilo kikaratasi cha watengenezaji hakisemi, kinachosema ni utapona ndani ya siku 30, huo ni uongo mtupu na ni dhambi kumwambia mtu aliyetoka kulazwa. Wala hawajagusia uchovu. Dakika 20 za kuangalia kioo zilikuwa zinanilaza kama nimebeba magunia, ikabidi nizigawe mara mbili.

Na kioo peke yake hakitoshi jamani. Nikimaliza naingia kwenye kazi zenyewe, kushika kikombe, kukiachia (kukiachia ndo balaa), kuvuta zipu, mara nyingi mpaka inachosha. Kwa hiyo gumba limeamshwa na kioo au na zipu, sijui, nisidanganye.

Leo mwezi wa nane nafunga vifungo vya shati vya chini vitatu kwa mikono miwili. Cha kwenye kola bado nasaidiwa.

Nyota 3 kati ya 5, moja nimekata kwa ile plastiki, nyingine kwa zile siku 30. Kama kiharusi kimekufanya uusahau upande mmoja, mfano unaacha nusu ya sahani bila kuiona, usinunue kabla hujaongea na fizio wako.