Mbolea ya SA kwa vitunguu vya kipupwe: nyota nne kati ya tano

Nalima vitunguu maji Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, kwenye majaruba ya kandokando ya mto, na kila masika yakikaribia kuisha wakulima wenzangu huanza kuulizana mbolea ya kununua. Wengi hukimbilia urea. Mimi nanunua SA, yaani salfeti ya amonia, na nataka nieleze kwa nini, kwa sababu ni mbolea inayobezwa sana madukani bila haki.

Inabezwa kwa hesabu. Mfuko wa SA wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 21, maana yake kilo 10 na nusu. Mfuko wa urea una asilimia 46, kilo 23 nzima. Kwa mtu wa mahindi hoja hiyo ina uzito, sibishani naye. Lakini kwenye ule mfuko wa SA kuna pia salfa asilimia 24, na kitunguu ni zao la salfa. Ule ukali unaotutoa machozi tukikata kachumbari unatokana na salfa ambayo mmea umeifyonza ardhini. Urea haina hata chembe, DAP, mbolea ya kupandia, hali kadhalika. Mwenye kutia DAP na urea msimu baada ya msimu, bila samadi, anaivuna salfa ya shamba lake na hairudishi.

Kabla hujafungua pochi, ujue udongo wako. SA huongeza uchachu, yaani asidi, ardhini. Kwetu huku bondeni, penye mibuyu na joto, hilo halinitishi, maana udongo wangu una chokaa. Kipimo changu cha haraka ni siki: nachukua konzi ya udongo mkavu, naudondoshea siki, nautazama kwa karibu. Ukitoa vipovu na sauti ndogo ya kuchemka, chokaa ipo. Ndugu zangu wa Njombe na Mufindi wenye udongo mwekundu wenye uchachu, hii mbolea msiitumie kila msimu kama mimi. CAN, mbolea ya naitrojeni yenye chokaa ndani yake, itawafaa zaidi. Siki haikupi namba, kwa hiyo anayetaka uhakika apeleke sampuli maabara. SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro, wanapima udongo, na TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Tanga, hiyo ndiyo kazi yao.

Sasa niseme jambo ambalo halijaandikwa kwenye mfuko. SA haifanyi kazi kwenye jaruba lililoandaliwa ovyo. Mizizi ya kitunguu ni mifupi na haina nguvu ya kutafuta. Karibu yote hukaa kwenye sentimita 30 za juu. Chakula kikiwa chini ya hapo au pembeni, mmea haukifikii. Kwa hiyo nalima mapema, udongo ungali na unyevu wa masika lakini haunati kwenye jembe, navunja madongo yote, kisha naingiza samadi, tani 8 hadi 10 kwa ekari. Samadi naipata kwenye mazizi ya wafugaji, inaletwa na guta, na hailetwi siku ya kupanda. Inakaa lundo miezi kadhaa. Kujua kama imeiva, nazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko: ikiwa bado na joto, au inanuka mkojo, haiendi shambani. Samadi mbichi inaleta mbegu za magugu, na kitunguu hakiwezi kushindana na magugu kwa sababu majani yake hayatoi kivuli cha kuyazuia. Palizi ya hapo ni ya mkono, mmea kwa mmea. Waliochuchumaa siku nzima juani wananielewa.

Baada ya samadi ni kusawazisha. Hapa ndipo SA inapoamuliwa kama itakulipa. Tunamwagilia kwa kuingiza maji kwenye jaruba, na punje za SA huyeyuka upesi sana. Jaruba likiwa na mteremko, maji yanabeba mbolea yote yanaipeleka upande wa chini. Baada ya wiki unaona mstari kabisa, huku majani ya kijani kibichi yaliyosimama, kule manjano yenye ncha kavu. Watu husema mbolea ni feki, kumbe jaruba limelala upande. Mimi naingiza maji kabla ya kupanda, natazama yanapokusanyika, nafukia mabonde.

DAP mfuko mmoja kwa ekari naichanganya na udongo wa juu, ndipo napandikiza miche yenye unene wa penseli, nafasi ya sentimita 15 kwa 10. SA inaingia mara mbili, mfuko mmoja kwa ekari kila mara: ya kwanza miche ikishashika na kutoa majani mapya, wiki ya tatu hivi, ya pili wiki ya sita. Kwa jaruba la mita 2 kwa 3, mfuko mmoja kwa ekari ni kama gramu 75. Nilizipima kwenye mizani ya duka nikaona ni konzi moja ya kujaza ya mkono wangu, basi ndiyo kipimo changu. Natembea asubuhi umande ukishakauka. Jani likiwa na maji, punje inaganda kwenye kikwapa cha jani na kuunguza, inaacha doa jeupe ambalo baadaye ni mlango wa magonjwa. Maji yanafuata saa hiyo hiyo, taratibu. Usiiache juu ya udongo mpaka kesho, hasa wenye chokaa kama wangu, maana naitrojeni inageuka hewa inapotea.

Halafu unaacha. Shina likianza kuvimba chini, hakuna tena mbolea ya naitrojeni, hata kama mfuko umebaki nusu na jirani bado anatia ya kukuzia. Naitrojeni ya kuchelewa inafanya majani yakatae kulala na shingo kubaki nene. Dalali akija shambani hahangaiki na ukubwa kwanza. Anashika kitunguu, anabana shingo kwa dole gumba. Ikibonyea ina maji, atashusha bei au ataondoka, kwa sababu anajua kitaoza kabla hakijafika Dar es Salaam. Vitunguu nilivyokuzia SA kwa kipimo hiki vinafunga shingo vizuri, ganda linashika rangi nyekundu, na vinakaa kwenye kichanja mpaka bei ipande. Hiyo ndiyo faida ninayoihesabu mimi, maana bei ya wakati wa mavuno kila mtu anaijua ilivyo.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo mawili. La kwanza ni mzigo: naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea inahitaji mifuko miwili na zaidi ya SA, na anayelima mbali na barabara analipia nauli ya kila mfuko. La pili ni kuganda. Ikipata unyevu inakuwa jiwe, unaiponda kwa mchi, na haimwagiki sawasawa tena. Duka moja lilitaka kuniuzia mfuko wa namna hiyo kwa bei ile ile ya mfuko mzima, niliukataa. Wewe pia upapase mfuko kabla ya kulipa, pembe zote nne. Angalia mshono wa juu kama ni wa kiwandani, soma kama imeandikwa N 21 na S 24, na ya kupima kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa usiichukue kama hujui umekaa wazi tangu lini. Ukifika nyumbani uweke juu ya mbao, mbali na ukuta.