Uzoefu wangu na kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita naziamini, saa siziamini

Kikokotoo hiki cha mtandaoni nimekitumia sana kupanga safari za mbali, na kwa upande wa umbali sina neno nacho. Unaandika uwanja wa kuondokea na wa kutua, papo hapo unapata kilomita, maili za baharini (moja ni mita 1,852) na ramani. Singapore hadi JFK ya New York kinatoa kilomita 15,300 na ushee, na ndivyo ilivyo.

Ramani yake naipenda mno. Mstari wake ni upinde, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi kati ya miji miwili ya kaskazini hupanda kuelekea ncha ya dunia. Jaribu London hadi Los Angeles uone mstari unavyopita juu ya Greenland. Ila tumia herufi tatu za uwanja, si jina la mji: ukiandika Sydney tu unaweza kuletewa YQY, kiwanja cha Kanada, wakati wewe unataka SYD ya Australia.

Tatizo liko kwenye muda. Kikokotoo kinagawa kilomita kwa mwendo mmoja, 800 kwa saa, kisha kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Basi. London hadi New York, kilomita 5,500 na kitu, kinasema saa 7 na dakika 25 hivi, kwenda na kurudi sawasawa. Fungua ratiba ya shirika lolote linalopita njia hiyo: kwenda magharibi ni kama saa 8, kurudi ni karibu saa 7. Huko juu kuna mkondo mkali wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukikutana nao uso kwa uso unakuchelewesha, ukikusukuma kwa nyuma unafika mapema.

Safari ndefu zaidi kinazikosea kwa upande mwingine. Singapore hadi JFK kinakupa karibu saa 20, wakati ndege hasa hutumia 18 na zaidi kidogo, maana ikishatulia angani hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Helsinki hadi Tokyo ndiyo mbaya kuliko zote: kinaonyesha kama saa 10, lakini tangu anga ya Urusi ifungwe kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, ndege huzunguka na safari hufika saa 13. Mtu akipanga kuunganisha ndege kwa hesabu hiyo, ya pili itamwacha.

Kitu kimoja wamekifanya vizuri: wanaonyesha tofauti ya saa za miji yote miwili. Ndege ikiondoka London saa 5 asubuhi na kutua New York saa 8 mchana, tiketi inaonekana kama safari ya saa 3, kumbe New York iko nyuma kwa saa 5.

Kwa hiyo umbali nauchukua hapa, muda nauchukua kwenye ratiba ya shirika. Umbali nyota 5, muda nyota 2. Wakitenganisha tu makadirio ya kwenda na ya kurudi, nitawaongezea ya tatu.